Ala ya Kisu cha Mama

Binti ndiye aliyeiona damu kwanza. Aliingia jikoni kuchukua kijiko cha kukorogea chai, akakuta droo imevutwa nje, vijiko vimelowa wekundu, na baba yake amesimama pale pale, mkono wa kushoto umeukamata wa kulia, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake hospitalini.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nilikuwa natafuta kijiko," alisema mzee. "Nimepata kisu."

Alisema kwa utani, maana ndivyo alivyo, lakini binti hakucheka. Alimkalisha kwenye kigoda, akamwosha, akachana kitambaa cha pamba kutoka kwenye mabaki yake ya kushonea na kumfunga kidole. Kidonda chenyewe hakikuwa cha kutisha. Kilichotisha ni ile damu kwenye vijiko, na hali binti alikuwa bado hajapumzika na mambo ya kutisha.

Mzee huyu mtaani anaitwa Babu Msasa. Alikuwa fundi seremala tangu ujana wake, na hilo jina alilipata kwa sababu hakuwahi kuyaamini macho hata alipokuwa nayo. Akimaliza meza alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya ubao, kwenda na kurudi. Akikuta mahali panakwaruza anasema, "Hapa bado," anaokota msasa. Wateja wenye haraka walikuwa wanabaki wamesimama mlangoni wakitafuna kucha.

"Babu, hiyo meza imelainika mpaka inzi anateleza!"

"Inzi akichomwa na kibanzi hatarudi kunilalamikia," alikuwa anawajibu. "Wewe utarudi."

Kisha macho yakaanza kumuaga. Hospitalini walisema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, na dawa ilipunguza mwendo wa ugonjwa lakini haikuurudisha nyuma. Pembeni pakawa giza, giza likasogea katikati, na sasa kilichobaki ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita mbele yake. Karakana aliifunga. Alichokuja nacho nyumbani ni sanduku moja la mbao la vifaa vya mkono, akaliweka chini ya dirisha la sebuleni. Kila jioni analifungua, anagusa kimoja kimoja, analifunga. Hachongi chochote. Anawajulia hali tu, kama mtu anavyowajulia hali kuku wake kabla ya kufunga banda.

Mkewe ni mpishi wa jiko la hospitali, na bado anakwenda kazini. Anakwenda na kisu chake mwenyewe kwenye kikapu, kimefungwa kwenye tambara na raba ya nywele, kwa maelezo kwamba visu vya kazini vinaibembeleza nyama badala ya kuikata. Kisu hicho kimenolewa miaka na miaka mpaka tumbo la chuma limeingia ndani, katikati kimekuwa chembamba kuliko kwenye ncha. Mgeni akikiona anadhani kimeharibika. Mama anasema kimekomaa.

Na binti, mtoto wao wa pekee, alirudi nyumbani baada ya kumzika mume wake. Alikuja na cherehani, mabegi mawili na ukimya mwingi. Cherehani akaiweka sebuleni, wateja wakaanza kuja, lakini kushona peke yake hakukumtosha. Mikono yake ilikuwa haitaki kukaa. Akaanza na makabati, akaenda kwenye mashuka, akahamia jikoni. Aligombana na kila vumbi. Makopo ya viungo aliyaosha, akayapanga kwenye rafu kwa urefu, mkubwa nyuma mdogo mbele, na vijiko, uma, miko na visu vyote akaviingiza kwenye droo moja.

"Mwache ashike kitu," mama alimwambia mumewe. "Mikono ikifanya kazi, moyo unapata nafasi ya kupumua."

Tusimlaumu binti. Mtu mwenye majonzi akipata kitambaa cha kufutia vumbi, Mungu amemletea dawa.

Lakini baada ya ile damu kwenye vijiko, majonzi yake yalipata sura mpya, yakawa hofu. Alianza kumfuata baba yake vyumbani. Akisikia kitu kimedondoka anaacha cherehani na kukimbia. Na siku iliyofuata akapiga simu, akidhani baba amesinzia kwenye kiti chake. Baba hakuwa amesinzia. Kipofu akifumba macho watu wanadhani amelala.

"Kaka, njoo ulichukue lile sanduku la baba," alisema kwenye simu. "Lina vyuma vikali vitupu. Kama kisu kimoja kimemfanya vile, je lile sanduku? Njoo Jumamosi na mkokoteni. Hapana, sijamwambia. Nitamwambia."

Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni fundi mmoja ambaye ujuzi wake wote aliupata kwa huyu mzee. Mzee alimbandika jina la Kipisi, kwa sababu alipokuwa anajifunza kila ubao aliokata ulitoka mfupi. Sasa Kipisi ana karakana yake, ana watoto, ana kitambi, na jina bado halijamwacha.

Binti aliweka simu chini.

"Kipisi hajambo?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti.

Binti alilitazama lile sanduku chini ya dirisha. Halafu akaja akachuchumaa mbele ya baba yake, akamshika magoti. "Baba, usinikasirikie. Mimi nimeshazika mwaka huu. Sina nguvu ya kukuona na damu tena."

Mzee alimwekea mkono kichwani. Angeweza kusema mengi pale. Alikuwa nayo mdomoni, na yalikuwa ya kweli. Aliyameza.

"Sijakasirika, mama," alisema. "Ila niombe kitu. Kabla sanduku halijaondoka, nitengeneze ala ya kile kisu."

"Ala?"

"Nyumba yake ya mbao. Kisu cha mama yako kinatembea mjini kimevaa tambara kama mgonjwa. Kikivaa ala hakitamkata mtu tena, si mimi wala abiria wa watu. Nikishindwa, Kipisi aje."

"Na usiposhindwa?"

"Sanduku libaki."

Binti alifikiri. Alimjua baba yake; akimkatalia atakubali bila neno, na hilo ndilo lingekuwa baya zaidi. "Sawa," alisema mwisho. "Lakini nitakaa hapa hapa na kazi yangu ya sindano. Na tone moja la damu, baba, tone moja tu, sanduku linaondoka Jumamosi."

"Tone moja," mzee aliitikia, na mapatano yakawa hayo.

Mama aliporudi kazini na kuelezwa, alivua viatu kwanza. "Kwa hiyo kisu changu ndicho kesi yenyewe," alisema. "Hakuna aliyeniuliza mimi nitakatia nini vitunguu vya watu."

"Utakipata kila asubuhi," mumewe alimwambia. "Mimi nakihitaji jioni tu, kwa vipimo."

"Vipimo! Kisu kinapimwa kama bibi harusi."

Mbao alikuwa nayo. Ilikuwa kipande cha mlango wa kabati la zamani, kikavu kabisa, cha mti mlaini usio na utomvu. Aliukataa ubao mwingine ambao binti alimletea kutoka uani, aliunusa tu akaurudisha. Mti wenye utomvu unakitia kisu kutu, alisema, na mti mbichi ukikauka unakibana kisu kisitoke tena. Akakipasua kile kipande kwa msumeno mwembamba, kikawa vipande viwili bapa, taratibu sana, akisukuma na kusikiliza. Binti aliona baba yake anainamisha sikio kwenye msumeno jinsi yeye anavyoinamisha sikio kwenye cherehani ikianza kulalamika.

Penseli haikuwa na faida kwake. Alikilaza kisu juu ya ubao, makali yakitazama upande wa pili, akakizungushia ncha ya msumari kuanzia kwenye mpini mpaka kwenye ncha na kurudi. Msumari ukaacha mfereji mwembamba ambao ukucha unausikia. Ndani ya mfereji ule ndimo alimotakiwa kuchimba, katika ubao mmoja nusu ya unene wa kisu, katika wa pili nusu nyingine, ili vikifungwa pamoja kisu kilale katikati.

Aligongomea vijiti kwenye meza kuuzuia ubao usitembee, mikono yote miwili ikawa huru. Ndipo alipolifungua sanduku na kutoa patasi.

Binti aliacha kushona. Sindano ilibaki hewani.

"Pumua," baba yake alimwambia. "Unanitisha ukiacha kupumua."

"Utaona wapi chuma kinakwenda?"

"Sioni. Lakini mikono yote iko nyuma yake. Nilimpigia Kipisi kelele mwaka mzima kwa jambo hilo tu. Mkono ukiwa nyuma ya patasi, patasi itakwenda wapi? Haina kinyumenyume kama gari."

Akaanza kuchimba. Hakugonga kwa nyundo. Alisukuma kwa kiganja, maganda membamba yakajikunja na kuanguka, akawa anasimama kila mara na kuingiza kidole kisicho na kidonda kupima kina. Kazi ya namna ile, mtu mwenye macho angeimaliza kabla chai haijapoa. Yeye ilimchukua jioni nzima na nyingine. Hakulalamika hata mara moja, na binti, ambaye mwanzoni alikuwa anainua macho kila mshono, alijikuta amemaliza upindo mzima bila kuinua macho.

Tatizo lilikuja walipojaribisha. Kisu kiliingia nusu, kikakwama.

"Sasa hapa ndipo macho yalipokuwa yananisaidia," mzee alikiri. "Nenda jikoni, chukua masizi ya chini ya sufuria, changanya na tone la mafuta, ukipake kisu ubavuni. Tukikibana kati ya mbao halafu tukikitoa, kila mahali panapobana patachafuka. Wewe uniambie wapi."

Binti alipaka. Wakabana, wakafungua. Akainama juu ya ubao.

"Panabana hapa, baba. Karibu na mpini. Na huku katikati, kwenye lile tumbo lililoingia ndani."

"Kifuani au kiunoni?"

Binti alicheka. Lilikuwa cheko dogo lililomtoka bila ruhusa, na jikoni mama, aliyekuwa anasuuza vikombe, alifunga bomba ili alisikie vizuri. Hawakuwa wamelisikia ndani ya nyumba ile tangu arudi.

"Kiunoni," alisema binti. "Kifuani pamekaa. Ningekuwa nashona gauni, ningesema achia kidogo tu kiunoni, usije ukampwaya mteja."

"Basi niongoze, fundi."

Akamshika baba yake kidole, akakiweka palipochafuka. Mzee akachimba kidogo, wakapaka tena, wakabana tena. Walikwenda hivyo mpaka masizi yakawa kwenye pua ya binti na kwenye shavu la mzee, na kisu kikaanza kuingia na kutoka kwa sauti laini, kama mtu anayesema "haya".

Ilikuwa katika kupanga vifaa jioni ile ndipo jambo lilipotokea. Ndani ya sanduku kila kifaa kina kitanda chake kilichochongwa kwa umbo lake. Binti, kwa moyo mwema, aliirudisha patasi mwenyewe, akaifuta na vumbi. Mzee akataka kuigusa mara ya mwisho kabla ya kufunga. Mkono wake ulishuka sandukuni, lakini haukushuka kwa kiganja, ulishuka kwa mgongo wa vidole, polepole, na ulipogusa chuma baridi mahali ambapo pangekuwa na mpini, ukasimama.

"Nani karudisha hii?"

"Mimi, baba."

"Umeigeuza. Makali yamekaa kwangu." Hakusema kwa ukali. Aliishika ubavuni, akaigeuza, akailaza. "Humu makali siku zote yanakaa upande wa dirisha. Si kosa, hukujua."

Akafunga sanduku na kwenda kunawa.

Binti alibaki amepiga magoti pale pale. Neno lile, hukujua, lilikuwa limemkaa kifuani kama mfupa. Patasi ilikuwa imerudishwa safi, imepangwa vizuri, imefutwa vumbi. Na ilikuwa nusura imkate.

Aliinuka akaenda jikoni, akijiuliza kama kisu nacho kilikuwa na mahali pake kabla hajakitia kwenye droo. Alisimama mbele ya rafu aliyoipanga mwenyewe, akaanza kuyaondoa makopo ya viungo moja moja, la mbele, la katikati, la nyuma. Nyuma kabisa, ukingoni mwa rafu karibu na ukuta, palikuwa na tundu jembamba refu lililokatwa kwa ustadi kwenye ubao, kingo zake zimelainishwa kwa msasa. Upana wa tundu ulikuwa wa ubapa wa kisu. Alipitisha kidole. Mahali pale pote palikuwa pamelainika kwa kuguswa miaka mingi.

"Mama," aliita, bila kugeuka. "Kisu chako kilikuwa kinakaa humu?"

Mama alikuwa mlangoni na taulo la vikombe. Aliangalia makopo yaliyowekwa chini, akajua hakuna njia ya kukwepa.

"Kilikuwa kinakaa humo," alisema. "Mpini juu, makali ukutani. Baba yako alilikata tundu hilo macho yalipoanza kumsumbua. Jiko hili lote analijua kwa mkono. Vijiko kwenye droo, kisu ukutani, kiberiti juu ya dirisha."

"Na mimi nikakitia kwenye droo ya vijiko."

"Ulikuwa unasafisha, mwanangu."

"Nilimkata mimi."

"Hukumkata wewe. Hata mimi niliona kisu kimehama. Kila asubuhi nakitoa kwenye droo yako nakitia kikapuni, wala haikunijia kumwambia yeye. Mimi naona, nikasahau kwamba yeye haoni. Miaka yote hii, nikasahau!" Mama alijifuta mikono iliyokwisha kukauka. "Siku ile ile nilimwambia, mwambie mtoto kisu kirudi mahali pake, yaishe. Akanikataza. Alisema, amekuja na mzigo wake, tusimtwike na huu."

"Hata nilipoita mkokoteni?"

"Hata ulipoita mkokoteni."

Binti alikaa kwenye kigoda kile kile alichomkalisha baba yake siku ya damu. Hakulia kwa sauti. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akamshukuru kwa baba aliyempa, na mama akamwacha amalize, akaweka maji ya chai jikoni.

Asubuhi yake hakumwambia baba kitu. Alitaka, lakini kila alipofungua mdomo aliona kwamba mzee ameficha neno lile kwa upendo, na kulifichua ni kama kumnyang'anya zawadi aliyokuwa ameishikilia. Alichofanya ni kuacha rafu wazi, ukingo wote, bila kopo hata moja. Halafu akaja kukaa na sindano yake kama kawaida.

Siku hiyo walipiga gundi. Mzee aliipaka kwa njiti ya kiberiti, ukingoni tu, kidogo kidogo, kwa sababu gundi ikimwagika ndani kisu kitagandia humo na kazi yote imekwenda bure. Wakavibana vipande viwili kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli, wakaizungusha na kuikaza mpaka ala ikaonekana kama mguu uliovunjika. Wakaiacha ikauke.

Jumamosi asubuhi waliifungua. Ilibaki kuipa umbo kwa nje. Mzee aliipiga randa, akaiviringisha kingo, akachukua msasa na kuanza kile kilichompa jina lake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kiganja kikifuata nyuma.

"Hapa bado," alijisemea. Akasugua. "Hapa bado."

Binti aliinua macho kukata uzi, akaona. Kwenye kidole gumba cha baba yake, pembeni, kibanzi kilikuwa kimeingia, na tone moja jekundu lilikuwa limejikusanya juu yake, duara kamili. Mzee hakuwa amelisikia. Ngozi ya pale ilikuwa nene kama soli.

Tone moja tu, ndivyo alivyosema yeye mwenyewe. Na mkokoteni ulikuwa njiani.

Alisogea, akashika mkono wa baba yake kama anayetaka kuangalia ala. Akakichomoa kibanzi kwa ncha za kucha, akafuta tone kwa upindo wa kanga yake.

"Nini hicho?" mzee aliuliza.

"Gundi, baba. Imebaki kidogo."

Mzee alikipeleka kidole mdomoni, akakionja.

"Gundi za siku hizi wanatia chumvi?"

Binti alihisi uso umemwaka moto. Mzee aliusikiliza ule ukimya wake, kwa muda, kichwa kimeinama kama anavyousikiliza msumeno. Halafu akaokota msasa wake.

"Haya," alisema. "Mwenye macho ni wewe. Kama ni gundi, ni gundi."

Wakaendelea, na neno lile halikurudiwa.

Kipisi alifika na mkokoteni wake kabla ya adhuhuri, jasho linamtoka. "Shikamoo, fundi!"

"Marahaba, Kipisi. Kitambi hakijambo?"

"Kinaendelea kukua, fundi. Chenyewe ndicho kitu pekee nilichokitengeneza kikatoka kirefu." Alisalimiana na mama, akamgeukia binti kwa sauti ya chini. "Dada, ndilo lile chini ya dirisha?"

"Kunywa chai kwanza, kaka," binti alimjibu.

Mama akamletea chai, na mzee akamkabidhi ala. Kipisi aliweka kikombe chini. Akafanya alichofundishwa: alifumba macho, akapitisha kiganja, kwenda na kurudi. Wote wakawa wanamtazama, na yule asiyetazama akawa anasikiliza.

"Hapa..." alisema Kipisi.

"Hapa nini?" mzee aliruka.

"Hapa pameisha, fundi. Kila mahali pameisha."

Mzee akaegemea kiti chake, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha, bila kuulizwa, akamwambia Kipisi afungue sanduku atoe msumeno mkubwa na tezo ya kuchongea magogo. "Hivyo uchukue wewe. Kwa kweli hivyo siviwezi tena, na sitaki kujidanganya." Aliyasema kama mtu anayegawa nguo zilizombana. Kipisi akavitoa, na hakuuliza habari ya vingine.

Mama alikuwa ameshakivalisha kisu chake ala. Akakitingisha, hakikutoka. Akakivuta, kikatoka. Akakirudisha. "Sasa nitakwenda kazini kama mtu mwenye heshima zake," alisema, akaenda nacho jikoni kukirudisha kwenye tundu lake la zamani ukutani. Wakamsikia anahangaika. Halafu wakamsikia anaguna.

"Hakiingii!"

Wote wakaenda. Ilikuwa kweli. Tundu lilikatwa kwa kipimo cha kisu kikiwa kitupu, na sasa kisu kilikuwa kimevaa.

Kipisi alipiga makofi. "Fundi! Leo na wewe umekata kipisi!"

Mzee alisogea, akashika ukingo wa rafu. Vidole vyake vikatembea juu ya ubao ule ulio wazi, pasipo na makopo, vikafika kwenye tundu, vikasimama hapo. Akageuza uso upande aliko binti.

"Ala nene, tundu jembamba," alisema. "Nimesahau. Uzee huo."

Mama alikohoa. "Kakipima kisu hicho jioni zote hizi, kifua na kiuno, leo kasahau tundu alilolikata mwenyewe! Mzee huyu, namjua mimi."

"Panahitaji kupanuliwa," mzee alisema, uso mkavu, kama hakusikia. "Kidogo tu pande zote mbili. Ila sijui kama vifaa vipo, maana nilisikia vinahama."

Binti alikuwa ameshaondoka. Walimsikia sebuleni analifungua sanduku, kisha kimya, kisha hatua zake zinarudi. Alikuwa ameishika patasi ubavuni, makali yametazama kwake. Aliuchukua mkono wa baba yake, akauweka mpini kiganjani, akasubiri mpaka vidole vyake vimeukamata vizuri ndipo akaachia.

"Kaka," alimwambia Kipisi, "nisogezee hicho kigoda. Baba ana kazi hapa."